Bwana harusi kapotea gizani: hivi kamera na muvi zinatuonaje sisi weusi?

Fundi Taa (mleta mada)

Wanajamvi, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite.

Jumamosi iliyopita nilikuwa na kazi ya harusi Mbagala. Bibi harusi maji ya kunde, kapakwa poda mpaka shingoni, gauni jeupe linawaka. Bwana harusi mweusi tii, wale weusi wa kung'aa, suti nyeusi, na nyuma yao mwenye ukumbi kaning'iniza pazia jeupe na taa juu yake. Kijana niliyemwachia kamera ya pili akaiweka kwenye otomatiki, akaenda kula pilau.

Jumatatu nawaonyesha familia kipande cha kwanza kwenye tivii ya sebuleni. Shangazi mtu akavaa miwani, akasogea, akauliza: "Sasa bwana harusi yuko wapi?" Sebule nzima ikaangua kicheko. Na kweli alikuwa haonekani. Kilichobaki ni kola ya shati, meno na saa ya mkononi. Na mimi nilicheka. Yeye hakucheka. Wakati nachomoa nyaya akaniuliza taratibu, "Kaka, hiyo kamera yako ina shida, au mwenye shida ni mimi?"

Jibu la kifundi ni jepesi. Kamera ikiwa kwenye otomatiki inapiga hesabu ya wastani wa mwanga wa picha nzima. Imeona gauni jeupe na pazia jeupe, ikadhani mwanga umezidi, ikabana tundu la lenzi. Gauni likatoka zuri, uso mweusi ukazama. Fundi aliye macho anaachana na otomatiki, anapima uso, anamletea mtu taa ya pembeni. Kwa hiyo kosa ni langu na kijana wangu. Nimeomba radhi.

Ila kuna jibu lingine, na hilo ndilo limenileta.

Enzi za mkanda, Kodak walikuwa wanazipelekea maabara za kusafisha picha kadi ya kupimia rangi. Kwenye kadi yupo mwanamke wa Kizungu, kapendeza. Mafundi walimwita Shirley, kwa jina la Shirley Page, mfanyakazi wa Kodak aliyepigwa picha za mwanzo. Ngozi ya Shirley ikitoka safi, mashine imekaa sawa, endelea na kazi. Wanawake walibadilishwa miaka nenda rudi, jina likabaki Shirley na ngozi ikabaki ileile. Mkanda wenyewe ulipikwa kwa kipimo hicho, ndiyo maana picha nyingi za zamani za mweusi na mweupe wamekaa pamoja, mweupe ana sura na mweusi ana kivuli. Wazazi huko Marekani walilalamikia picha za darasa za watoto wao, wakaambulia patupu. Waliokuja kusikilizwa, miaka ya 70, ni watengeneza chokoleti na watengeneza fanicha: chokoleti chungu na ya maziwa zinatoka rangi moja, mbao tofauti zinatoka mbao moja. Yaani kabati lilisikilizwa kabla ya mtoto wa mtu.

Na palepale mtu mweusi alipotakiwa aonekane vizuri ili abanwe, ufundi ulipatikana. Polaroid walikuwa na mashine ya kupigia picha za vitambulisho iliyokuwa na kitufe cha kuongeza nguvu ya taa. Picha za Polaroid zilitumika Afrika Kusini kwenye vile vitabu vya pasi ambavyo mweusi bila kuwa navyo alikuwa anakamatwa. Mwaka 1970 wafanyakazi wawili weusi wa kampuni hiyo Marekani, Caroline Hunter na Ken Williams, wakaanzisha mgomo juu ya jambo hilo. Polaroid ilikuja kujitoa Afrika Kusini mwaka 1977.

Sasa tazameni Moonlight ya 2016, ile iliyochukua Oscar ya filamu bora. Mpiga picha wake James Laxton hakutaka waigizaji wapakwe poda ya kuua mng'ao. Walipakwa mafuta. Ngozi nyeusi ikipata mafuta inashika mwanga kama maji yanavyoshika mbalamwezi, unaona mfupa wa shavu, unaona jasho, unaona huzuni. Mama zetu walikuwa wanatupaka mafuta ya nazi kabla ya kwenda kupigwa picha studio. Walijua.

La mwisho, halafu nawaachia jamvi. Mwaka juzi niliitwa kushika taa kwenye tamthilia moja ya hapa nyumbani, jina naliacha. Kulikuwa na binti mmoja anaigiza mpaka unasahau umeshika nguzo ya taa. Mweusi. Mwongozaji akanivuta pembeni: "Huyu atatusumbua kwenye taa, mtoe, mlete yule mweupe awe mke wa bosi." Nikamwambia taa ni kazi yangu, hanisumbui. Hakunisikiliza. Yule binti alipewa nafasi ya dada wa kazi. Hatukuwa na Mzungu hata mmoja eneo lile.

Karibuni.

---

Kiti cha Mbele

Nimekaa paleee na karanga zangu.

---

Sina Presha

Mleta mada umeandika vizuri lakini mnatafuta ubaguzi hadi kwenye betri ya kamera. Mashine ni mashine. Tajiri ametengeneza kwa ajili ya soko lake, soko lake lilikuwa Wazungu, biashara imeisha. Mbona Wachina hawalii? Mbona Wahindi hawalii? Sisi tu kila siku kulalamika tumeonewa na muvi. Tengeneza yako.

---

Fundi Taa

Mkuu Sina Presha, sijalia, nimekiri kosa langu mstari wa kumi tu. Ila "mashine ni mashine" siyo kweli kwenye kazi yetu. Kuna mtu alikaa mezani akaamua kipimo kiwe uso wa nani.

---

Mtoto wa Vuga

Sina Presha, nani kakwambia Wahindi hawalii? Nandita Das, yule mwigizaji, tokea 2013 yumo kwenye kampeni kule India ya kusema weusi ni uzuri, kwa sababu kachoka kuambiwa "wewe msomi, mwekundu kidogo tu ungelikuwa nyota." Na Wachina nao: mwaka 1937 Hollywood ilitengeneza The Good Earth, habari ya wakulima wa China. Anna May Wong, Mchina wa Los Angeles, nyota mkubwa wakati ule, alikosa nafasi ya mke. Mume kapewa Paul Muni, Mzungu, na kanuni za sinema za Marekani wakati ule zilikataza mapenzi baina ya Mzungu na mtu wa rangi nyengine, basi na mke naye akatiwa Mzungu, Luise Rainer, kapakwa rangi kapewa na macho ya Kichina. Akachukua Oscar kwa nafasi hiyo.

Mie nimekulia Unguja, na sisi kwetu sinema ni ya Kihindi, hizo za Kizungu tulikuwa tunakwenda kwa bahati mbaya. Majestic pale Vuga, Empire, Cine Afrique. Mama yangu na mashoga zake Sikukuu Mosi kanga mpya, viatu mkononi vumbi lisiingie, tiketi wamenunua kwa walanguzi. Nyimbo walizijua zote bila ya kujua Kihindi. Neno walilolijua wote ni "gori", mweupe. Gori huyu, gori yule. Muimbaji akisema gori ukumbi mzima unajua anakusudiwa nani, na anayekusudiwa si mama yangu.

Nnakumbuka dada yangu mkubwa, mweusi kama mie, anasimama mbele ya kioo cha kabati na tyubu ya mafuta ya kujing'arisha ngozi, yale ya Fair & Lovely, anakamua kidogo kidogo kama dawa ya jicho maana bei kali. Hajapatapo kuona Mzungu karibu yule. Alikuwa anataka kufanana na mtu wa kwenye ukuta wa Cine Afrique. Mafuta hayo mwaka 2020 wamebadilisha jina wakayaita Glow & Lovely. Tyubu ni ileile.

Kituko kingine hiki. Mwaka 2019 hukohuko India walitoa sinema ya Bala, na ndani yake mna mwanamke mweusi anayekataa kuonewa kwa weusi wake. Nia njema kabisa. Wamemchukua Bhumi Pednekar, mtoto mweupe, wakampaka rangi ya weusi. Katika India yote ile, na watu weusi wamejaa, hakupatikana mweusi wa kuigiza mweusi!

---

Kiti cha Mbele

Hapo kwenye tyubu umenigusa. Karanga nimeziweka chini.

---

Nyanya Karura

Na Wamarekani walifanya vivyo hivyo na Nina Simone. Filamu ilitoka 2016, wakampa Zoe Saldana, wakamtia rangi nyeusi na pua ya bandia. Nina Simone mwenyewe maisha yake yote alikuwa anaambiwa pua kubwa, midomo mikubwa, weusi kupita kiasi. Wanatoa filamu ya kumuenzi na hawataki uso wake! Zoe aliomba msamaha 2020.

Mimi ni Mkenya, niko Minnesota miaka kumi na saba sasa. Wacha niwaambie jambo ambalo huwa sisemi. 12 Years a Slave, ile filamu ya utumwa Marekani, ilipofika hapa tulienda kuitazama Wakenya watano, wote wauguzi, tumetoka zamu. Jumba limejaa, wengi Wamarekani weusi, wazee wamevaa kama wanaenda kanisani. Lupita Nyong'o, Mkenya mwenzetu, akatokea. Sisi tukaanza, "Ni yeye! Ni Lupita! Mtoto wa Profesa!" Mmoja wetu akapiga makofi. Mzee mmoja mbele yetu akageuka akatuangalia. Hakusema kitu. Alituangalia tu kisha akageuka tena.

Ilipofika pale Patsey, yule mtumwa anayeigizwa na Lupita, anapigwa viboko, jumba likawa kimya mpaka unasikia mtu akimeza mate. Bibi upande wangu wa kushoto alikuwa anatikisa kichwa polepole, mikono ameifunga kwa mkoba. Ndio nikaelewa yule mzee. Sisi tulikuwa tumekuja kumuona msichana wetu ameomoka. Wao walikuwa wamekuja kumuona nyanya yao. Filamu moja, ngozi moja, na hatukuwa tunaona kitu kimoja hata kidogo.

Alipochukua Oscar 2014 nililia. Lakini kilichobaki kwangu si Oscar, ni ile hotuba yake ya mwaka huohuo, alipoeleza kwamba akiwa mtoto alikuwa anamuomba Mungu aamke mweupe, na kila asubuhi anakimbilia kioo. Yule amelelewa Kenya. Shule imejaa weusi, mtaa umejaa weusi. Nani alimfundisha ombi hilo? Fundi Taa, hapo mwongozaji wako anajibu.

---

Sina Presha

Sawa, nakubali mnajua historia. Lakini hii tabia ya sasa ya kubadilisha rangi za watu kwa nguvu nayo mnaitetea? Nguva wa Disney alikuwa mweupe na nywele nyekundu, 2023 wakamleta Halle Bailey. Na Kleopatra wa Netflix je? Mwaka huohuo. Wamisri walikuja juu na nawaunga mkono.

---

Mwalimu wa Zamu

Tutenganishe. Nguva hayupo, mnaweza kumpaka hata zambarau. Kleopatra alikuwepo.

Mimi ni mwalimu wa historia sekondari, na kwa Kleopatra nasimama na Wamisri, angalau nusu. Ukoo wa Ptolemi ulikuwa wa Kimakedonia, ulioingia Misri baada ya Aleksanda na kuoana wao kwa wao karibu miaka 300. Mama yake Kleopatra hajulikani kwa uhakika, ndipo wanapopenyeza hoja. Lakini Netflix hawakuiita hadithi, waliita makala ya kweli, wakamweka Adele James, mwigizaji mwenye damu ya Kiafrika. Serikali ya Misri ikatoa taarifa kwamba malkia alikuwa na ngozi nyeupe na sura ya Kigiriki. Wakili mmoja akaenda kushtaki akitaka Netflix ifungwe nchini.

Sasa nusu nyingine. Hao hao wanaodai usahihi, Elizabeth Taylor wa 1963 walimuona Mmakedonia? Sinema imemfanya Kleopatra Muingereza kwa miaka mingi, na picha hiyo ndiyo iliyo vichwani mwa wanafunzi wangu.

Kinachoniudhi zaidi kiko kusini kidogo tu. Panda Nile, vuka maporomoko, fika Kushi, ufalme wa kale huko Sudan. Miaka michache baada ya kifo cha Kleopatra, Kushi ilitawaliwa na Amanirenas, kandake, yaani malkia, mweusi bila mjadala wala wakili. Alipigana na jeshi la Roma, na mwandishi wa enzi za Roma anasema alikuwa na jicho moja. Wanajeshi wake waliteka masanamu ya Augusto mpakani, wakaikata moja kichwa cha shaba, wakaenda kukifukia chini ya ngazi za hekalu Meroe ili kila anayeingia amkanyage Kaisari usoni. Kichwa hicho kilifukuliwa mwaka 1910 na sasa kiko makumbusho ya London, macho yake ya vioo yamekodoa vilevile. Roma ikakubali mapatano, na Kushi haikulipa kodi. Mnataka muvi gani zaidi ya hiyo? Lakini Hollywood haitaki kumtafuta, na sisi tunagombania Mgiriki.

---

Kiti cha Mbele

Mwalimu, hicho kichwa chini ya ngazi nimekirudia mara tatu. Kwa nini tulisomeshwa Kaisari tu?

---

Mswahili wa Maskati

Asalaam alaykum. Nami nimo, ingawa nimechelewa.

Kaka Sina Presha kawaunga mkono Wamisri, sawa. Lakini azijue na sinema zao. Mnubi katika filamu za Kimisri za zamani ni bawabu, mlinda mlango, anaongea Kiarabu cha kuchekesha. Ahmed Zaki alikuwa mweusi kwa kipimo cha Kairo, na mwanzoni wakubwa wa sinema hawakutaka kumuona kuwa sura ya mpenzi. Baadaye huyohuyo ndiye aliyemuigiza Gamal Abdel Nasser mwaka 1996 na Anwar Sadat mwaka 2001, na leo ukitaja Sadat watu wengi wanauona uso wa Ahmed Zaki. Na Sadat mwenyewe damu ya mama yake ilitoka Sudan.

Kwetu huku Ghuba nako tusijitie usafi. Ramadhani ya 2018 kulikuwa na tamthilia ya vichekesho ya Kuwait, waigizaji wamejipaka masizi wakaigiza Wasudani wavivu. Tulikuwa tumekaa baada ya futari, ukoo mzima, wengine weupe wengine rangi yangu, kwa sababu familia zetu zilizotoka Zanzibar ni mchanganyiko, mnajua. Walioanza kucheka wakacheka. Halafu mjomba wangu, mtu wa rangi yangu, akanyoosha mkono akachukua rimoti, akabadilisha, akaweka mpira. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Wenye kipindi waliomba radhi baada ya Wasudani kupiga kelele mitandaoni.

Mimi nilijifunza siku ile kwamba watu wa nyumba moja hawatazami tivii moja.

---

Mzee Korogwe

Vijana, mmeanzia mbali, ngoja niwarudishe Tanga.

Juu ya Korogwe, mlimani Usambara, pana mahali panaitwa Vugiri. Mwaka 1935 hadi 1937 Waingereza walikuwa na kambi ya kutengeneza sinema za kuwaonyesha Waafrika: kilimo, minyoo, kuweka akiba posta. Walitengeneza zaidi ya 30, wakazungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda mpaka Nyasa. Waigizaji weusi, kamera ya Mzungu, akili ya Mzungu. Baada yao ikaja idara ya sinema ya makoloni, na hao waliandika kabisa kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha inayokwenda haraka, apewe picha ndefu, zisizokatwakatwa, kama mtoto. Kuna kisa walichokipenda: wamewaonyesha wanakijiji sinema ya usafi, wakawauliza mmeona nini, wakajibu "tumeona kuku." Kuku kapita pembeni sekunde moja. Wazungu wakashangaa sana, eti hawa hawaoni picha nzima. Mimi nasema waliona kilichokuwa hai mle.

Halafu mwaka 1952 ikatoka Muhogo Mchungu, sinema ya Kiswahili, na steringi wake ni Rashidi Kawawa. Ndiyo, Simba wa Vita mwenyewe, kabla ya uwaziri mkuu. Kijana wa shamba kaja mjini, mji unamfundisha adabu. Kamera bado ya mgeni, waliotengeneza walikuwa kampuni ya Afrika Kusini, lakini watu walikwenda kumuona mtu anayefanana nao, anasema lugha yao, na hajabeba mzigo wa mtu.

Maana kubeba mizigo ndiyo ilikuwa kazi yetu. King Solomon's Mines ya 1950 ilipigwa huku kwetu, Kenya, Tanganyika, Uganda na Kongo. Wapagazi wanasema Kiswahili. Mzungu wa London hajui wanasema nini, ni kelele za porini. Sisi ukumbini tulikuwa tunawaelewa kuliko steringi.

---

Chogo

Mzee shikamoo. Mimi wa banda umiza, vile vibanda vya video vya mtaani, Manzese, shilingi mia muvi mbili. Lufufu anatafsiri, hata Rambo akipiga chafya Lufufu anaweka maneno. Tukiangalia muvi za Afrika zile za msitu, steringi Mzungu mmoja, weusi mia nane na mikuki, na sisi tunashangilia Mzungu! "Piga hao! Piga hao!" Giza, jasho, watoto sitini weusi tii. Steringi hafi, ndiyo sheria. Hakuna aliyetuambia kwamba hao maadui ni sisi.

Nilikuja kushtuka ukubwani, naangalia na mwanangu. Akaniuliza "baba, kwa nini wale wengi wote hawana majina?"

---

Jua Halinipendi

Nimesoma zote. Naomba na mimi nafasi, ingawa rangi mnayoijadili nimeikosa.

Mimi ni mtu mwenye ualbino, mzaliwa wa Sengerema. Mmezungumza weusi na weupe kwa kurasa nzima kana kwamba ziko mbili tu. Fundi Taa, bwana harusi wako alipotea gizani. Mimi picha yangu ya mahafali ya chuo nimepotea mwangani. Wenzangu wote wana sura, mimi ni sahani nyeupe imevaa joho. Mpiga picha akaniambia "wewe huwa unaungua." Kama chapati.

Kwenye muvi za Kizungu tukitokea tunaua watu. The Da Vinci Code ya 2006 ilipotoka, chama cha watu wenye ualbino cha Marekani kilipinga, maana muuaji ni mtawa mwenye ualbino. Muuaji huyo ana shabaha, na sisi wengi wetu hatuoni ubao wa darasani! Hapa nyumbani nimewahi kupigiwa simu niende kuigiza. Nilivaa shati jipya. Nilipofika nikakuta nafasi yenyewe ni mzimu, na malipo ni nauli. Miaka ile watu wetu Kanda ya Ziwa walikuwa wanakatwa viungo usiku, na mtu ananiambia nijitokeze kaburini na shuka. Nikarudi na shati langu.

Filamu mbili zilinitazama kama mtu. Moja ni White Shadow ya 2013, imepigwa hapahapa Tanzania, kijana mwenye ualbino anakimbia wawindaji. Ilishinda zawadi ya filamu ya kwanza Venice. Ni ngumu kuitazama, niliizima mara mbili. Ya pili ni ya huyohuyo Lupita mliyemtaja: kabla ya Hollywood, mwaka 2009, alitengeneza filamu ya makala kuhusu watu wenye ualbino Kenya, In My Genes. Hiyo huwa haitajwi. Yeye aliyekuwa anaomba aamke mweupe ndiye aliyekuja kutuuliza sisi tunalalaje.

---

Mtoto wa Vuga

Subhanallah. Ndugu yangu, mie sina la kusema. Nimekusoma.

---

Sina Presha

Mkuu wa Sengerema, nisamehe. Niliingia hapa kubishana tu. Hilo la shuka limenikaa vibaya. Msimamo wangu wa Kleopatra haujabadilika lakini.

---

Fundi Taa

Jua Halinipendi, nakuomba radhi kwa niaba ya yule wa mahafali, na kwa niaba yangu. Nimewahi kuunguza uso kama wako kwenye kipaimara, nikajisemea ngozi ndiyo ngumu. Ngozi haikuwa ngumu. Nilipima kwa uso wa mtu wa pembeni yake, basi. Uso wako unataka kivuli chepesi, mwanga wa dirishani, taa isitazamane na macho, na kamera ibanwe kidogo. Dakika mbili za kazi. Ukija Dar njoo na joho, nitakupiga bure, na simu yako ikiita kuhusu mzimu nipe namba ya huyo mtu.

Mliouliza habari za bwana harusi: nilikaa juzi usiku na kompyuta, nikampandisha uso mpaka akaonekana, macho, ndevu, kila kitu. Nikamtumia shangazi. Asubuhi akanipigia, nikajua nashukuriwa. Anasema: "Mwanangu, bwana harusi nimemuona, mzuri kweli. Sasa bibi harusi mbona amekuwa mzimu?" Gauni limeungua lote, mtoto wa watu hana pua.

Nimewaambia Jumapili waje wamevaa vilevile, nikawapige upya ufukweni Kigamboni, saa kumi na mbili kasoro jioni, jua la pembeni, kijana atashika shuka jeupe la kurudishia mwanga upande wa bwana harusi. Kamera naishika mwenyewe. Pilau baadaye.

---

Chogo

Mkuu, samahani, nje ya mada. Send-off unachukua bei gani? Mimi mweusi tii, mchumba maji ya kunde, mama mkwe mweupe pee, na MC wetu anapenda taa za kijani.

---

Fundi Taa

Hiyo ya taa za kijani ina bei yake. Njoo inboksi.